Mikoba Ishirini ya Bunduki

Mteja wangu mmoja wa Dar es Salaam hupenda kulenga shabaha mwisho wa wiki. Alinipa mkoba wa ngozi wa bunduki, urithi wa marehemu baba yake, nimtengenezee ishirini kama huo kwa wenzake wa klabu. Nikaupeleka Shiling, mji wa viwanda vya ngozi huku China, kwenye karakana ya mama mmoja Mchina.

Nilipokwenda kuichukua mikoba mipya, nilikuta imening'inizwa kwenye bomba, imejazwa sponji iliyokatwa umbo la bunduki. Ubavuni mwa kila mmoja palikuwa na doa jeusi la vidole vinne. Nikautazama ule wa mfano. Doa lilikuwepo, nami sikuwahi kuliona.

"Laoban, hili nini?" nikamuuliza. Ndivyo tunavyowaita matajiri wa viwanda.

"Yiyang," akajibu, yaani sawasawa na mfano, akanionesha brashi ya rangi. Alidhani namsifu.

Nikampigia mteja kwa video. Nikamwonesha doa.

"Huo ni mkono wa baba," akasema. "Gumba lilikatwa na msumeno kabla sijazaliwa."

"Mafundi wafute?"

"Wafute, dada. Mmoja waache, nitampa kaka yangu."

Mafundi wawili wakakaa na vitambaa na spiriti, wakausugua mkono ule mara kumi na tisa. Nilitoka nje, nilihisi kama wanaosha maiti. Ule uliobaki na doa nilisafiri nao mwenyewe kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun, nikiushika kwa mkanda tu.