Neno Lililokuwa Mjeledi

Ejok, nawasalimu, wapendwa. Naona haya kusimama hapa mbele ya kanisa, na mnajua kwa nini. Wengi wenu mlikuwa mkihesabu miezi ya tumbo langu.

Kabla ya kuugua nilikuwa nauza mboga sokoni hapa Lodwar, na kwenye kwaya naimba sauti ya pili. Mume wangu alikuwa amefariki zamani. Basi tumbo lilipoanza kufura upande wa kulia, nililifunga leso nikanyamaza. Likazidi. Nikawa natapika, nikilala chali napumua kwa shida. Mama Ekai, mwenyekiti wa kwaya, akaja nyumbani akaniambia taratibu, "Rudisha sare kwanza, dada. Mtoto akizaliwa tutaongea." Nilirudisha.

Nikakimbilia Kakuma kwa dada yangu, ambako hakuna aliyenijua. Yeye ndiye aliyenivuta hadi hospitali. Daktari alinipiga picha ya tumbo, akauliza kama nimewahi kuishi na mbwa. Nikakataa, mimi ni mtu wa mjini. Dada akacheka, akamwambia tulilelewa kijijini Lopur na mbwa aliyeturamba hadi mdomoni, tena tulikula naye sahani moja. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hii si mimba, mama," daktari akasema. "Ni mfuko wa maji kwa ini. Mayai ya minyoo ya mbwa yaliingia ukiwa mtoto."

Nilipasuliwa. Kidonda kilitoa usaha siku nyingi, kikinuka hadi mimi mwenyewe nikawa nageuza uso. Wodini alikuwa akija mchungaji mmoja, mkimbizi kutoka Kongo, aliyesomea Kigiriki kabla ya vita. Akanisomea habari za yule mama aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akagusa vazi la Yesu kwa siri kutoka nyuma akapona. Nikamwambia mwili umepona, lakini Lodwar sirudi. Akaweka kidole pale Yesu anapomwambia yule mama asiwe na msiba wake tena.

"Hii neno msiba, kwa Kigiriki ni mastiksi. Ni mjeledi, mama. Ugonjwa ilikuwa inamuchapa, na watu nao walikuwa wanamuchapa. Damu ilikauka akiwa amejificha nyuma. Lakini mjeledi, Yesu aliiondoa mbele ya watu, baada ya huyu mama kusema yote."

Nililia hadi mishono ikauma. Mjeledi huo niliujua. Nilikuwa nimeubeba mwenyewe mpaka Kakuma, nikijichapa nao kitandani.

Namshukuru Mungu, daktari, na dada yangu asiyejua kuficha neno. Wenye mbwa, wapeni dawa ya minyoo, msiwatupie maini mabichi mnapochinja, wasiwarambe watoto, na mnawe mikono. Na tumbo likivimba, nenda hospitali kabla majirani hawajakuchagulia ugonjwa.

Mtoto hakuna. Kuna kovu, linaanzia hapa mpaka hapa.

Mama Ekai, nimekuja kuchukua sare yangu.