Kokwa ya Tende na Mpira Unaokata Kulia

Siku ya kwanza niliyoingia kwenye uwanja wa gofu wa Diani sikuingia kucheza wala kubeba mifuko. Niliingia na fyekeo. Nilitoka kwetu Mwabungo alfajiri kwa miguu, nikapewa kipande cha nyasi kando ya msitu, na nilipokuwa nikifyeka nikasikia mtu nyuma yangu ananiambia nisimame hapo hapo. Nikadhani kuna nyoka. Alikuwa Mkuu wa Makedi, mzee wa Kiduruma kutoka Kinango, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasimamia makedi, yaani wale wanaobeba mifuko ya fimbo na kumwongoza mchezaji.

"Wewe kijana, nani amekufundisha kuzungusha kiuno namna hiyo?"

Nikamwamkia kwanza, kisha nikamwambia sikufundishwa na mtu, ninakata nyasi tu.

"Marahaba. Basi liweke hilo fyekeo. Kesho utabeba mifuko."

Aliona nini katika kiuno changu, mpaka leo sijui. Nilimwuliza miaka ya baadaye akaniambia amesahau, tena akashangaa kuwa mimi ningali nakumbuka. Kazi yangu ilianza kwa jambo nisilolielewa, na nyinyi vijana mnaosoma haya mkitaraji hekima, nawaambieni mapema kuwa ilikwisha vivyo hivyo.

Mkuu wa Makedi ndiye aliyenifunza kutazama swingi. Swingi ni ule mzunguko mzima wa fimbo, tangu inapoinuliwa mpaka inapomalizikia juu ya bega. Yeye hakuwahi kucheza hata mara moja. Alikuwa amechunga ng'ombe ujana wake wote, na alisema anayeweza kumjua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama akitembea hashindwi na mtu mwenye fimbo. Makosa aliyapa majina yake mwenyewe, nasi tukayachukua.

La kwanza ni kuchungulia. Mtu ana haraka ya kuona mpira umekwenda wapi kabla hajaupiga, basi anainua kichwa, fimbo inaugusa mpira utosini, nao unabingirika kama limau lililoanguka kapuni. Dawa yake ni kumwambia ausikilize mpira kwanza, autazame baadaye. La pili ni kulima, fimbo kuchimba ardhi kabla ya kufika kwenye mpira, kwa sababu uzito umebaki mguu wa nyuma. Huyo mtandikie kitambaa nyuma ya mpira, shubiri moja hivi, mwambie apige asikiguse. Kuna pia kuyumba, ambapo badala ya mwili kuzunguka unateleza upande kama mtu aliye ndani ya feri ya Likoni. Mwambie abananishe miguu, apige taratibu. Akiyumba ataanguka mwenyewe, hutahitaji kumkemea.

Halafu kuna kukata. Hapo ndipo nilipoliwa akili. Mpira unaondoka vizuri, mtu ameshaanza kutabasamu, mara unapinda kulia na kuingia msituni kwa tumbili. Asili yake ni kukamia. Mtu anaubana mpini kana kwamba unataka kuporwa, bega linatangulia, fimbo inatokea nje kuja ndani na uso wake umebaki wazi. Dawa ni kulegeza mikono, kuanza na kiuno, mikono ifuate. Wengine huwa nawawekea boksi tupu upande wa nje wa mpira, fimbo isipate njia ya kutokea huko. Dawa hii nimewapa watu wasiohesabika. Kuna waliopona, na kuna waliolivunja boksi.

Basi Mkuu wa Makedi alituambia kichwa kisitikisike kabisa. Alikuwa akituwekea ncha ya bakora juu ya kofia, ukitikisika inakuparuza. Alipostaafu akaja Pro, ndiye mwalimu mkuu wa mchezo, mzungu mwembamba ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. Aliponiona nawafundisha makedi wenzangu kwa bakora akaninyang'anya.

"Kichwa hapana funga," akasema. "Kichwa acha nenda. Wewe nataka vunja shingo ya watu?"

Sasa nimsikilize nani? Nilijaribu kuyaunganisha yote mawili, kichwa kitulie lakini kisitulie sana, nikawa nawachanganya watu kuliko mwanzo. Hata hivyo Pro alinipenda. Alipoondoka kurudi kwao aliacha neno kuwa wanaoanza wafundishwe na mimi. Nikavaa fulana yenye kola, nikaitwa Fundi Bakari, na mke wangu Mwanasha akawa anaipiga pasi fulana ile kila asubuhi kwa kujishaua mbele ya jirani. Nilikuwa nimetoka kwenye fyekeo nikafika hapo. Naomba mlikumbuke hilo kwa sababu ya yanayofuata.

Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwako Bwana Rashidi, mwenye duka la mabati na saruji pale Ukunda. Mtu mkubwa, mkarimu, sauti yake inasikika kabla gari lake halijaegeshwa. Na alikuwa anakata. Nimewafundisha watu wengi, lakini sijaona mtu anayekata kama Bwana Rashidi. Nami sikumwacha. Mimi nina mdomo, Mwanasha atawaambieni, na kila akisimama mbele ya mpira nilikuwa ubavuni mwake: legeza mkono, goti, bega hilo, kiuno kwanza, usichungulie, pumua. Alikuwa akisema, "Naam Fundi, naam Fundi," kisha mpira unakwenda kwa tumbili.

Wakati huo tulishapata Meneja mpya, binti kutoka Nairobi, mwenye adabu lakini asiyezungukazunguka katika maneno. Siku moja akaniita ofisini, akanionesha kwenye simu video ya Bwana Rashidi akipiga, imepunguzwa mwendo.

"Fundi, nakuheshimu, lakini tuelewane. Huyu ni member wa siku nyingi na bado ball yake inaenda msituni. Amechaguliwa kwa mechi na wale wa Mombasa baada ya Idd. Ikiwa siku hiyo bado anakata, nitaleta kocha mwenye cheti. Wewe sitakufukuza, utarudi kubeba mifuko."

Nilimjibu sawa, nikatoka. Kubeba mifuko si aibu, nimelelea watoto kwa kazi hiyo, lakini kuvuliwa fulana ile katika umri wangu na kupewa mfuko mbele ya wale niliowafundisha, hilo sikuwa na uso wa kulibeba. Mwanasha sikumwambia. Aliendelea kupiga pasi.

Ikaingia Ramadhani. Bwana Rashidi alikuwa akija baada ya swala ya alasiri, midomo imemkauka, hana salamu ndefu. Nami sikuwa na hali. Nilipindua ndoo ya mipira nikaikalia, koo limekuwa kama gunzi, nikawa namtazama tu nikilihesabia jua. Akapiga. Mpira ukaenda moja kwa moja. Akapiga tena, ukaenda moja kwa moja. Tukatazamana. Mwezi mzima ukawa hivyo, na ndipo nilipokumbuka kuwa hata mwaka uliopita ilikuwa hivyo hivyo, nami nilidhani ni upepo.

Ikaja Idd, akala pilau na vya kando yake, siku iliyofuata akaja uwanjani na sauti yake, nami nikasimama ubavuni mwake na mawaidha yangu. Mpira ukaenda kwa tumbili.

Nikalala nalo, nikaamka nalo. Jibu nililolipata likawa ni njaa. Mtu mwenye njaa hana nguvu za kukamia, asipokamia hakati. Hesabu ikakaa sawa kabisa. Na mechi iliangukia ndani ya mwezi wa Mfunguo Mosi, mtu akiwa bado anaweza kufunga sita, zile saumu za sunna baada ya Idd. Nikamwendea Bwana Rashidi dukani kwake.

"Bwana Rashidi, siku ya mechi funga."

Akanitazama juu ya miwani. "Nifunge kwa sababu ya mpira?"

"Ufunge sita kama watu wengine. Mpira utafaidika njiani."

Akasema atamwuliza Maalim wa msikiti wetu wa Mwabungo. Nikamsindikiza ili maneno yasigeuzwe. Maalim alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kilemba.

"Rashidi, ukimfungia Mungu, hiyo ni saumu. Ukiufungia mpira, utakuwa umeshinda na njaa. Nia yako unaijua wewe."

Tulipotoka, Bwana Rashidi alikuwa mnyonge. "Fundi, nitajaribu," akasema, "lakini nikitia nia, mpira unaingia katikati. Nikiutoa, unarudi."

Asubuhi ya mechi nilimkuta kwenye kibanda karibu na lango, mbele yake sahani ya mahamri na mbaazi za nazi, imebaki nusu. Nilihisi kama mtu amenimwagia maji. Alinyanyua kichwa, akaniambia kwa upole, "Nisamehe Fundi. Nilishindwa kumdanganya Mungu." Nikamwambia ale ashibe.

Sasa, katika mashindano sheria hairuhusu mtu yeyote kumpa mchezaji ushauri ila kedi wake. Mwalimu husimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Meneja alikuja kusimama karibu nami, mikono ameikunja. Bwana Rashidi akauweka mpira juu ya kijiti, akashika fimbo, na mimi kutoka nyuma ya kamba nikaona kila kitu: mkono umebanwa, bega limepanda, goti limekakamaa. Maneno yote yalinijaa mdomoni, nikayameza. Akageuza kichwa akanitafuta. Akaniona. Nikaangalia chini, kwa sababu nilishaanza kujiona na mfuko begani.

Nikasikia mlio wa mpira kabla sijainua macho, na mlio huo ninaujua. Mpira ulikwenda moja kwa moja. Na uliofuata, na mwingine. Mara moja tu ulipinda, naye akacheka. Alimshinda mpinzani wake wa Mombasa, na Meneja akanigusa bega akaniambia, "Fundi, sijui umemfanyia nini, lakini asante." Na mimi sikujua nimemfanyia nini.

Nilimwendea Bwana Rashidi alipokuwa anavua viatu. "Umeshiba, na hukukata. Nieleze."

Ni mtu muungwana, niliona analitafuta neno lisiloumiza.

"Fundi, Ramadhani ulifunga?"

"Nilifunga, kwani mimi nani?"

"Basi ndiyo hiyo. Ramadhani wewe husemi. Unakaa juu ya ndoo, kimya. Na leo sheria ilikufunga mdomo."

Niliketi pale chini kwenye saruji. Alinishika mkono akaniomba radhi, akasema maneno yangu yote ni ya kweli na yamemsaidia, ila yakija pamoja anakuwa hajui ashike lipi aache lipi, basi anashika fimbo kwa nguvu. Nilikasirika, nisiseme uongo. Nilikwenda nyumbani nikamweleza Mwanasha kila kitu, tangu vitisho vya Meneja. Akaacha kuchambua mchele, akanitazama.

"Na mimi nimekuambia mara ngapi?" akauliza, akaendelea na mchele wake.

Fulana haikuvuliwa. Ila kuanzia hapo nikawa nafundisha na kokwa ya tende mdomoni. Kila neno likija, naisukuma kokwa upande wa pili wa shavu, na mara nyingi neno lenyewe linapita. Mwanafunzi namwambia jambo moja kwa siku, basi. Meneja alidhani ninaumwa jino, akanipa ruhusa niende hospitali ya Msambweni. Nilikwenda, kwa heshima yake.

Lakini msije mkafunga ukurasa mkasema Fundi amepata jibu. Ramadhani iliyofuata nilimjaribu Bwana Rashidi. Siku moja nilisema kama zamani, naye akakata. Nikafurahi, nikaona sasa tumeelewana. Kesho yake nikasema vile vile, neno kwa neno, na mpira ukaenda moja kwa moja. Nikakaa kimya, akakata. Je, ni njaa au ni kimya? Au alikuwa amechoka tu kuwa na woga? Na kichwa je, kitulie au kiachwe? Meneja alinionesha kwenye simu yake wachezaji wakubwa wa dunia, mmoja kichwa kimetulia kama amepigiliwa msumari, mwingine kinakwenda kama cha jogoo, na wote mipira yao inafika. Mkuu wa Makedi amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na Pro hatujui aliko.

Nilistaafu kwa karamu ndogo, soda na sambusa. Kocha mwenye cheti alikuja hatimaye, kijana mzuri, ananiamkia. Mimi nimerudi Mwabungo, na nyasi za nyuma ya nyumba nazifyeka mwenyewe. Wakati mwingine nasimama katikati ya mkupuo, nakitazama kiuno changu mwenyewe, najaribu kuona alichokiona yule mzee. Sioni.

Wiki iliyopita Bwana Rashidi alinipitia kwa gari, tukaenda uwanjani. Naye nywele zimejaa mvi sasa na sauti imeshuka. Nilichukua ndoo nikaikalia, kokwa yangu shavuni. Akapiga, ukakata. Akapiga tena, ukakata. Mpira wa tatu ukaingia msituni, tumbili mmoja akatoka kuutazama. Bwana Rashidi akaegemea fimbo yake, akageuka.

"Bakari ndugu yangu, leo nimeshindwa. Sema. Ninakosea wapi?"

Miaka yote nilikuwa nikiingoja ruhusa hiyo. Niliitoa kokwa mdomoni, nikamtazama mikono, bega, goti, kiuno. Nikaona makosa yote, kila moja na jina lake.

Nikairudisha kokwa, nikamwekea mpira mwingine.