Mabeseni Manne na Lori la Ndizi

Nilifika Nyamache kwa lori tupu lililotoka Isiolo kwenda kupakia ndizi. Sikuwa na kazi Gusii, wala jamaa. Nilikuwa nimechoka na Isiolo kama nilivyochoka na Maralal kabla yake, na Garissa kabla ya Maralal, na Voi, kwetu, kabla ya kwingine kote. Dereva alikuwa anakwenda, kiti cha kando kilikuwa wazi, na kwangu hiyo ilikuwa sababu ya kutosha.

Safari ile haikuwa na haraka. Nyahururu tulisimama kununua viazi. Nakuru tulimpelekea dada yake dereva viazi hivyo, tukala vingine vya kwake. Kericho mvua ilitukuta, dereva akaamua kwamba breki hazipendi mvua, tukalala. Simu yake haikunyamaza. Kila ilipolia aliipokea kwa sauti ya mtu anayehema: "Niko hapa Keroka tu, mama, naingia." Keroka ni jirani ya Nyamache; sisi tulikuwa Keroka tangu Nyahururu.

Tulipoingia Nyamache soko lilikuwa limekwisha. Akina mama walikuwa wamekaa kando ya mikungu yao, majani ya migomba waliyojifunika yamekauka. Mmoja, mama mnene mwenye leso ya kijani, alisimama akamtazama dereva.

"Hiyo Keroka imehama? Walihamisha lini na hatukuambiwa?"

Dereva alijifanya anakagua tairi. Ikabidi mimi nishuke. Niliwaomba radhi kwa Kiswahili chote nilichotoka nacho nyumbani, nikawapa pole ya jua, pole ya mvua, pole ya kusubiri na pole ya kukosa viti. Walianza kucheka kabla sijafika kwenye pole ya watoto walioachwa nyumbani.

"Huyu tuachie hapa," mama wa leso ya kijani alimwambia dereva. "Wewe rudi Keroka yako."

Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja wa mjini, mwenye viatu visivyopenda tope. Alikuwa ameacha kazi ya benki Nairobi ili atengeneze programu ya simu ya kuwaunganisha wenye ndizi na wanunuzi. Alinifuata.

"Kaka, unajua kuandika?"

"Nilimaliza kidato cha nne."

"Mtu anayeomba msamaha hivyo tunamhitaji. Programu yetu itakosea sana."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kampuni yenyewe ilikuwa chumba kimoja Nyamira mjini, juu ya duka la nguo la mama yake dada huyo. Ndani mlikuwa na huyo dada, binamu yake aliyekuwa fundi wa kompyuta, na birika. Kazi yangu ilikuwa kuandika maneno ambayo mtu angeyasoma kwenye simu. Mama mwenye duka alitupa sharti siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi.

"Shule zikifunguliwa kabla sijaona mama mmoja wa ndizi akitumia hicho kitu, chumba nampa msusi. Na wewe binti yangu unarudi benki. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alisikia kweli. Usiku huo nilimwona akihesabu kwa macho viti vya msusi vingeingia vingapi.

Tatizo halikuwa uvivu. Tatizo lilikuwa kujua tuanze na nini. Dada alitaka picha: mkulima apige picha mkungu wake, mnunuzi auone akiwa Nairobi. Binamu alitaka nyota: mkulima ampe mnunuzi nyota kulingana na tabia yake, na wanunuzi wote wakasirike wajirekebishe. Kila mmoja aliona wazo la mwenzake kuwa pambo.

Sasa, binamu alikuwa Msabato na dada Mkatoliki. Ijumaa jua likianza kushuka, binamu alifunga kompyuta, akavaa koti, hata kama alikuwa katikati ya neno. Jumamosi dada aliingia peke yake. Hakuwa fundi kama binamu, lakini alijua kuongeza: picha zikaingia, na ramani, na kitufe cha rangi ya ndizi. Jumapili yeye akiwa misani, binamu alirudi ametulia, roho nyeupe, akafuta vyote. Programu yetu ilinenepa Sabato ikakonda Jumapili. Jumatatu mimi nilifika nikaandika maelezo mazuri ya kitu ambacho hakikuwepo tena.

"Nani amefuta picha zangu?" dada aliuliza.

"Nilidhani ni makosa," binamu alijibu. "Zilikuwa nyingi kama makosa."

Mama ndiye aliyechoka kwanza. Alitusikia kupitia sakafu. "Waulizeni wenye ndizi!" alipaza sauti kutoka dukani. "Mnagombania mkungu wa watu!"

Basi siku ya soko tukaenda Nyamache na mabeseni manne, kila moja na mchoro wake kwenye katoni: picha, nyota, bei ya mjini, na mvua. Mvua ilikuwa yangu. Nilitaka nami niwe na kitu. Kila mama tungempa ndizi tamu chache, azitie kwenye beseni la jambo analolitaka kwanza. Dada aliamini atashinda. Binamu alikuwa ameanza kutabasamu njiani.

Wengine walikula kura zao papo hapo. Hilo tulilitarajia. Hatukutarajia mama wa leso ya kijani, ambaye alizunguka mabeseni, akasimama mbele ya la mvua. Lilikuwa tupu. Kwao mvua huja kila alasiri kutoka kilimani. Hakuna aliyetaka kuambiwa na simu.

"Hili ni la nani?"

"Langu," nikasema.

"La huyu wa pole nyingi? Jameni! Mgeni wa watu amekaa juani na beseni tupu na sisi tunaangalia tu?"

Akachota kwenye la picha akatia kwangu. Mwingine akaona la picha sasa limepungua, na dada yule naye ana mama, mama huyo atajisikiaje. Akalijazia kutoka kwenye nyota. Wa tatu akamhurumia binamu. Walihamisha kwa heshima na kwa bidii, wakiambiana kwa Ekegusii, mpaka hakuna mtoto wa mtu aliyeaibika. Mwishowe mabeseni yote manne yalikuwa sawa kabisa.

Dada alikaa chini kwenye tope, viatu na yote. "Shule zinafunguliwa," alisema, "na mimi nina beseni la huruma."

Kila mtu alikuwa ameshika simu. Lori lilikuwa limechelewa. Mama mmoja alipiga, akaweka sauti juu.

"Niko hapa Keroka tu, mama, naingia."

Soko zima likaguna. Mama wa pili naye akapiga, labda yeye angeambiwa ukweli. Keroka. Wa tatu akapiga. Keroka.

"Nyinyi watoto," mama wa leso ya kijani alisema akimenya kura, "simu yenu ikiweza kuniambia hiyo lori iko wapi, iko wapi kweli, mimi hizo nyota mtabaki nazo."

Dada akamtazama binamu. Binamu akamtazama dada. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona wakitazamana bila kutafuta kosa.

"Simu ya dereva inajijua iko wapi," binamu alisema polepole. "Abonyeze mara moja tu, mji utajisema wenyewe. Ujumbe mfupi uende kwa wote, hata wa kabambe, zile simu ndogo zisizo na intaneti."

"Dereva hatabonyeza," nikasema. Nilikuwa nimekaa kando yake, nilimjua.

"Atakayebonyeza atapakiwa kwanza," mama wa leso ya kijani akasema. Wenzake wakaitikia, na hilo likawa sheria.

Kabla shule hazijafunguliwa, akina mama wa Nyamache, na baadaye wa soko la Magwagwa, walikuwa wakiendelea kuchuma majani chai mpaka ujumbe useme Sotik, kabla tu ya Keroka, ndipo wateremshe mikungu sokoni. Mama mwenye duka hakutusifu. Alituletea pazia, na msusi hakutajwa tena. Halafu akajiandikisha kupokea ujumbe wa malori yote, ingawa hana hata mgomba mmoja.

Picha na nyota waliendelea kuzigombania. Mimi nilibaki na kidogo cha kuandika: jina la mji haliombi msamaha. Nilipoanza kuangalia malori yanayoondoka zaidi kuliko yanayoingia, nilijua nami naondoka.

"Sasa nani atatupa pole?" mama wa leso ya kijani aliniuliza siku ya kuondoka, dereva wangu wa zamani akifunga turubai.

"Za nini tena, mama?"

"Tulikuwa tumezizoea."

Tulipanda. Baada ya muda dereva alinipa simu yake. "Bonyeza wewe, mimi niko kwenye kona." Nikabonyeza. Ikaandika Keroka, na kweli tulikuwa Keroka. Nilichungulia dirishani kuhakikisha.

Sotik ilimkuta anabonyeza mwenyewe, na papo hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mama mwenye duka.

"Naona mmefika Sotik. Umeacha sweta yako kwenye kiti."

"Nitaifuata, Mama."

"Usinidanganye. Ninaona unakoelekea."