Tambi za Mama Mkwe

Binti yangu alipokuwa na miaka sita, tumbo lake lilikuwa linatangulia mlangoni, mwenyewe anafuata. Miguu vijiti, mashavu yamebonyea, tumbo ngoma. Watoto wa mtaani kwetu Temeke, wasio na adabu hata chembe, wakamwita Mama Kijacho. Naye, kwa kuwa hakujua maana yake, akaitika.

Sie tuliopanga foleni ya unga wa ngano miaka ya dhiki, ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje ilipokuja tuliipokea midomo wazi. Ngano tele madukani, basi asubuhi chapati, mchana mkate, jioni maandazi. Mama mkwe, tuliyekaa naye nyumba moja, alikuwa fundi wa chapati, na anayekataa chapati yake ni adui wa ukoo. Mtoto anakula, anajikunja mkekani analia, kisha mbio chooni. Tukampa dawa za minyoo mpaka nadhani hata minyoo ya jirani ilihama.

Masika yale gunia letu la unga likalowa, likaota ukungu. Tukawa tunanywa chai kwa mihogo na viazi vitamu. Lo! Tumbo likashuka, mtoto akaanza kuruka kamba. Tukanunua unga mpya, likapanda tena.

Nikampeleka zahanati ya kulipia, maana zilikuwa zinachipuka kila kona. Daktari, kijana mpole, akaniambia upo ugonjwa wa watu wasiopatana na ngano. Akamtoa damu, ikapelekwa mbali kupimwa, tukasubiri wee. Majibu yakaja: hana. Daktari akakuna kichwa, akasema kipimo kile kinatafuta ugonjwa mmoja tu. Kama ngano inamsumbua kwa namna nyingine, hakitaona. Akanishauri nimwachishe nimtazame.

Nyumbani walisikia neno moja tu: hana. Mama mkwe akapiga kigelegele. "Si nilisema? Mtoto anadeka, na wewe unamdekeza!" Mawifi nao wakanisimanga, eti nina roho mbaya, namnyima mtoto chapati ya bibi yake. Hayo niliyameza. Lakini jioni moja binti yangu akaniuliza, "Mama, kwani mie naongopa?" Hapo nililia.

Nikapiga ngano marufuku. Nikamwapisha mama mkwe: chapati hapana, maandazi hapana, mkate hapana. Akaapa shingo upande, na mama yule akiapa ameapa. Tumbo likatulia mpaka Ramadhani.

Siku moja ya mfungo nilichelewa kurudi kutoka msibani Mbagala. Nikamkuta mtoto amejikunja mkekani, kanga imechafuka yote, bibi yake anamkanda tumbo kwa mafuta ya nazi.

"Umempa nini, mama?"

"Ngano sijampa! Haki ya Mungu tena! Kala tambi tu, za nazi na iliki."

"Mama, tambi ni ngano."

"Nitokee hapa! Ngano ni unga. Tambi ni tambi."

Yule mama alipika tambi kila Ramadhani tangu awe mwari, na siku hiyo ndiyo alijua zinatengenezwa kwa unga wa nini. Nilitaka kufoka, kicheko kikanitoka. Bibi hakujua, mtoto hakujua, mie sikuwepo. Sasa huyo mtoto amedeka kwa kitu gani? Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa heshima zote za mkwe. Asubuhi nikamkuta uani anaifua ile kanga mwenyewe, kanuna, hataki nimsaidie.

Idi ikafika, nyumba ikajaa wageni. Wifi yangu mkubwa akamsogezea mtoto sahani ya kaimati. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akaivuta.

"Mwache mke mwenzangu. Huyu hali ngano."

"Makubwa! Si kipimo kilisema hana kitu?"

"Kwani hicho kipimo ndicho kilichofua kanga yake?"

Binti yangu, mdomo umejaa kitumbua cha mchele, akaacha kutafuna.

"Bibi, kumbe mie siongopi?"

"Huongopi," akasema bibi yake. "Haya, kula kitumbua chako."