Fundi Friji Auza Nchi Yake

Kaka yangu ni fundi wa friji, na ana nchi. Nchi nzima, yenye mito, wafalme, kodi na vita. Cheka tu, hata mimi nilianza kwa kucheka, na sasa nadhani nimeishi humo kuliko ninavyoishi kwangu.

Katika karakana yake, katikati ya kompresa zilizokufa na friji ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua, kuna meza ambayo zamani ilikuwa mlango. Jumapili mchana, tukishakula, tulikaa hapo watu wanne: yeye, mimi msusi, mwalimu mmoja wa hesabu, na rafiki yetu Dereva, mtu wa malori. Kaka anasimulia: mmefika mtoni, daraja limekatika, ng'ambo kuna watu wameshika mikuki. Kila mmoja wetu ana mtu wake ndani ya hadithi, naye husema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu tunarusha dadu, tuone kama limewezekana. Mchezo wenyewe ndio huo. Mume wangu aliwahi kuuliza, "Sasa nani anashinda, na mnamaliza lini?" Mpaka leo hajajibiwa.

Majirani walimwita kaka Mheshimiwa, kwa kejeli. Yeye aliitika bila wasiwasi na kuwauliza shida za jimbo lao.

Sasa, wanaocheza mchezo huu wako wengi duniani, na wengi wao hawana muda wa kujitungia nchi. Wananunua. Eh, kuna soko kabisa la vitabu vya nchi zisizokuwepo! Unapata ramani ya kukunjua, miji, dini, nani anamchukia nani na kwa nini. Kaka alivitazama mtandaoni kama mtu anavyotazama viwanja asivyoweza kununua, huku akinung'unika. "Hii ina mazimwi saba. Hii nayo ina tisa. Hivi hawa watu wanakula nini? Maji wanachota wapi?" Nchi yake yeye ilikuwa na zimwi moja tu, tena lilikuwa linaumwa mgongo. Lakini ilikuwa na Mji wa Barafu, juu mlimani, ambako watu hukata barafu, wakaifunika kwa maranda ya mbao, wakaishusha kwa punda hadi nchi ya joto kabla haijayeyuka. Nani angetunga hivyo kama si fundi friji?

Mchapishaji mmoja wa vitabu hivyo, mama mwenye sauti ya kukwaruza, aliona kurasa chache ambazo kaka alikuwa ameziweka mtandaoni. Akapiga simu, akasema anataka kitabu kizima. Kaka alipokata simu alikaa juu ya friji iliyolazwa chini, akaniambia, "Mdogo wangu, wameniona." Halafu akalia, mtu mzima yule, na spana mkononi. Dereva alimbeba mgongoni akamzungusha karakana nzima.

Hazikupita wiki nyingi Dereva akatutoka. Alikuwa amesimamisha lori kuwasaidia abiria wa basi lililoharibika mlimani. Aliwapeleka wote pembeni salama, yeye akabaki barabarani kuyapungia magari yapunguze mwendo. Moja halikupunguza.

Msibani kaka alimwinamia mjane. "Shemeji," akamwambia, "atakuwemo kitabuni. Alichofanya pale langoni kitasomwa kila mahali." Mjane alijua lango gani. Mtu wa Dereva katika mchezo alikuwa mlinzi wa lango la Mji wa Barafu. Siku maadui walipopanda mlima, alituambia sote tuingie ndani, yeye akabaki nje kuwazuia mpaka lango likafungwa. Mji ukapona, yeye hakupona. Jumapili ile tulilia machozi ya kweli kwa ajili ya mtu wa kubuni, na Dereva akaenda nyumbani akamsimulia mkewe hadithi yote huku ameshika ufagio badala ya mkuki.

Kaka akaandika. Aliandika kama mtu anayekimbizwa, akamtumia mchapishaji. Yule mama akapiga simu nami nikiwa pale karakana, sauti yake ikajaa chumba.

"Fundi, nchi yako ni nzuri sana. Tatizo imekwisha."

"Imekwisha vipi?"

"Rafiki zako wameimaliza! Vita wameshinda, wafungwa wa pango la chumvi wamewatoa, lango wamelilinda. Mteja wangu akifika huko afanye nini, afagie? Mteja hanunui amani, ananunua kazi ya kufanya. Irudishe nchi ilivyokuwa kabla hao hawajaingia. Ijumaa nikiwa sijaiona, nachukua ya mwingine. Foleni ni ndefu."

Hilo ni kosa la watu wa namna ya kaka peke yao. Alitakiwa kuandika nchi inayosubiri watu, yeye akaandika mambo tuliyokwisha kuyafanya sisi. Alijifungia siku mbili, akarekebisha, akanipa nisome. Nilipofika kwenye pango la chumvi nikapandwa na mori.

"Hawa si niliwatoa mimi?"

"Uliwatoa."

"Jumapili ngapi nimehangaika na wale watu! Nimeibiwa, nimeng'atwa na fisi, mpaka nikawatoa. Leo wamerudi pangoni?"

"Kwenye kitabu tu."

"Usinitanie, kaka. Na Dereva je?"

Akanifungulia ukurasa wake. Lango la Mji wa Barafu lilikuwa halijashambuliwa. Maadui walikuwa bado njiani. Ushujaa wa Dereva haukuwemo hata kwa mstari mmoja.

"Ulimwahidi mjane," nikasema. "Mbele ya maiti."

"Najua. Nikiuacha ushujaa wake humo, hakuna kitabu. Nikiutoa, mimi ni mwongo." Akafuta mikono kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi. "Sitatuma kabla sijamwambia usoni. Akikataa, basi, narudi kwenye friji zangu."

Niliumia. Miaka yote hii sijawahi kumwona kaka akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, na hiki alikitaka mpaka macho yamemwingia ndani. Hasira zangu sikuzimeza zote, lakini nilimsindikiza, maana kaka ukimwacha peke yake na neno zito ataishia kuzungumzia mvua.

Wifi, ndivyo ninavyomwita mjane wa Dereva, hushona mapazia. Sebule yake ilikuwa imefunikwa vitambaa kuanzia kochi mpaka juu ya televisheni. Alitukaribisha bila kuacha kukanyaga cherehani. Kaka akakaa, akasema mvua za mwaka huu zimechelewa. Nikamfinya. Ndipo akalisema lote, haraka, macho yakiwa sakafuni.

Cherehani ikasimama.

"Kwa hiyo umemfuta," wifi akasema.

"Shemeji, si kwamba..."

"Mtu wangu alifutwa barabarani na mtu asiyemjua. Wewe unamjua. Wewe ulikuwa unakula naye." Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Lete hiyo karatasi nisome mwenyewe."

Kaka akampa ukurasa wa lango. Wifi alisoma polepole, midomo ikicheza. Mlinzi wa lango ni mzee mcheshi, hampitishi mtu kabla hajamuuliza ametoka wapi na amekula nini. Punda wake amempa jina la mkewe, na mkewe hajui. Lango zito halimshindi, mzigo haumshindi, kinachomshinda ni kutangulia kuingia kabla ya wenzake. Maadui wako mwendo wa siku mbili kutoka hapo.

Alipofika kwa punda alitaka kucheka. Akarudi juu, akasoma tena.

"Huyu ni yeye."

"Ndiye, shemeji. Nimemwandika alivyokuwa kabla ya siku ile."

"Maadui hawajafika."

"Bado."

"Kwa hiyo hapa hajafa."

Kaka akaichukua karatasi, akaisoma upya. Haki ya nani, hakuna kati yetu aliyekuwa ameliona hilo. Yeye alikuwa na aibu ya ahadi, mimi nilikuwa napigia kelele pango langu la chumvi, na mtu yuko pale hai anapiga soga na punda.

"Na wanaonunua kitabu," wifi akauliza, "ni lazima wamwache afe?"

"Si lazima. Inategemea wao watafanya nini."

"Basi kitume." Akasukuma mapazia yakaanguka chini, meza ikabaki wazi. "Lakini mimi kwanza. Nifundishe."

Kaka akatoa dadu mfukoni, akaanza. "Uko langoni. Maadui wameonekana kwenye kona ya mlima. Watu wote wameshaingia. Mlinzi amebaki nje na mkuki wake. Anakutazama, anasema, 'Mama, wewe ingia, mimi naja.'"

"Siingii."

"Anacheka. Anasema, 'Ni dakika moja tu.'"

"Namjua na dakika zake. Namshika mkono."

"Shemeji, ni mtu mzito. Hataki."

"Miaka yote hataki!" Machozi yakaanza kumtoka, hakuyafuta. "Namshika mkono, namvuta ndani, nafunga lango. Wengine watajijua."

Jambo kama hilo linarushiwa dadu. Kaka hajawahi kumsamehe mtu dadu, hata mimi dada yake, hata siku ya wale fisi. Alizishika kiganjani, akazitazama, akazirudisha mfukoni.

"Ameingia," akasema.

Wifi akashusha pumzi. Mkono wake ulikuwa umekunjwa juu ya meza kama aliyeshika kitu.

"Amechoka huyo," akasema. "Nimpe maji?"

"Mpe," kaka akajibu.