Sindano ya Kusahau

Nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo nyumbani Endamarariek, na sayansi ilikuwa imenipanda kichwani. Niliamini kila kitu kina dawa, na pasipo na dawa ni kwamba wataalamu hawajafika bado. Kwa hiyo nilipokuta dada yangu mkubwa amewekwa peke yake kwenye kibanda cha pembeni, mtoto wake wa kunyonya akiwa amefariki kabla ya mavuno, nilikasirikia nyumba nzima, hasa bibi.

Kwetu Wairaqw ilikuwa hivyo. Mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga alijitenga. Alikuwa na kibuyu chake, bakuli lake na njia yake ya kwenda mtoni. Hakuingia nyumba ya mtu wala kugusa chombo cha mtu, wala mtu hakugusa chake, mpaka wazee waseme imetosha. Tulikuwa Wakristo, baba alifundisha katekisimu, lakini jambo hilo halikusubiri ruhusa ya padri. Dada hakulia mbele yetu wala hakuongea. Mganga wa zahanati alimpa vidonge vya usingizi, asivimeze. Niliogopa, nasema wazi, kwamba angekaa kimya vile mpaka naye tumzike.

Wiki hiyo gari la sinema likaja. Kwa kawaida lilituletea mambo ya mbolea na majosho ya ng'ombe, nasi tuliyaangalia kwa furaha, maana hata ng'ombe akitembea kwenye shuka nyeupe ya sinema ni ajabu. Safari hii mwenye gari, Mchaga mmoja mwenye maneno mengi, alikuwa na filamu ya Kizungu. Shuka ilifungwa kwenye milingoti ya goli la uwanja wa shule, na jua lilipozama tu watu wakaketi na mablanketi yao, kwa sababu baridi ya kwetu haina adabu. Dada naye alikuja. Alikaa nyuma ya goli, upande wa pili wa shuka, mbali, peke yake. Picha ilimfikia imegeuka, kulia kuwa kushoto, lakini ilimfikia.

Uso wa daktari ulijaza goli zima. Alikuwa mtaalamu wa ubongo, mpole, mwenye mikono misafi, na aliletewa mama ambaye mtoto wake alizama ziwani. Akamwahidi usingizi. Kila jioni alimchoma sindano, na kila asubuhi mama aliamka amepungukiwa: kwanza sauti ya mtoto, kisha sura, kisha jina. Hakuambiwa. Daktari alitaka tu kujua mtu anaweza kufutwa mpaka wapi na bado akabaki mtu. Hapakuwa na damu, wala jini, wala bunduki. Palikuwa na mama anayekunja nguo ndogo kitandani na kumuuliza muuguzi, "Hizi za nani?"

Nywele zilinisimama. Mimi niliyejua sayansi ya kuponya tu, niliona kwa mara ya kwanza kwamba inaweza kumwingia mtu ndani ikahamisha vyombo bila kubisha hodi. Niliogopa, lakini macho hayakubanduka.

Watu wetu, hata hivyo, walikuwa wameshtuka mapema zaidi, pale daktari alipochukua kikombe cha yule mama aliyefiwa juzi tu na kunywa chai yake. Uwanja uliguna. Akina mama walishika vinywa.

"Huyo ameshajiharibia," bibi alisema.

Tangu hapo kila baya lililompata daktari walilielewa: ni kile kikombe. Mwenye gari, aliyekuwa akitutafsiria kwa kipaza sauti, akachoka.

"Ndugu wananchi, siyo kikombe. Kosa ni dawa. Anamfanyia majaribio bila ridhaa yake."

"Wewe tafsiri tu, baba," bibi alimjibu. "Kikombe tumekiona wenyewe."

Mwishoni ilionekana picha kwenye meza ya daktari, amembeba mvulana aliyefanana naye. Aliitazama kama mtu anavyotazama kalenda ya mwaka jana. Ndipo tukaelewa kwamba mgonjwa wake wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Filamu ikaisha, shuka ikabaki nyeupe, watu wakakunja mablanketi yao.

Njiani nilimwambia bibi, kwa ujuaji wangu wa shule, kwamba hawakuelewa kitu.

"Yule mama alikuwa bado yuko msibani," alisema. "Mtu akiwa huko humwingilii. Hunywi chake, humchukulii kitu, unamwachia nafasi. Kikombe, sindano, kwangu ni mkono ule ule."

Nilibishana naye mpaka mlangoni. Mila ile siitetei yote hata leo. Iliwatesa wanawake wengi, nami nimewaona. Lakini maneno yake yalinikaa.

Asubuhi nilikwenda kwa dada, nikasimama ng'ambo ya ua kama ilivyotakiwa. Alikuwa akipepeta mtama.

"Dada, ungeikubali ile sindano?"

Nilidhani hatajibu. Hakuwa amenijibu lolote tangu nirudi.

"Ningeikubali," alisema. "Siku ile tuliyomzika, angekuja mtu na sindano ningempa mkono mwenyewe. Wala asingehitaji kunidanganya."

Jana ubaya wa daktari ulikuwa kwamba hakuuliza. Kumbe kuna siku ambayo hata kumuuliza mtu ni kumwonea. Filamu yenyewe, pamoja na ukubwa wake wote, haikulifikia hilo, na dada yangu alilisema huku mikono ikipepeta. Nilimtazama kwa kicho kuliko nilivyoitazama ile shuka.

"Na leo?"

Aliweka ungo chini. "Leo nataka mtu wa kumsimulia habari za mwanangu. Alikuwa akipiga chafya kila akitolewa nje juani. Ulimwona? Hukumwona. Ulikuwa shule."

"Sikumwona, dada."

"Basi kaa hapo hapo ulipo, nikuambie alivyokuwa."

Nikakaa chini kwenye umande, ng'ambo ya ua, naye akaanza na siku aliyozaliwa.