Mkalimani Asiyetujua

Juzi, katika kituo cha afya huku ughaibuni, Farsta, mama mmoja wa Kisomali hakuweza kutulia: anakaa, anasimama, anachungulia mlango. Aliponisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, akanivuta mkono hadi dirisha la mapokezi.

"Mwambie huyu dada nataka mkalimani wa Kiswahili. Nimeishi Mombasa miaka kumi."

Nikamwambia. Dada wa mapokezi akashangaa: mbona wa Kisomali yupo tayari?

"Ndiyo maana simtaki!" Mama alikikunja kijikaratasi chake cha namba mpaka kikachanika. "Mwanangu halali, anagombana na ukuta. Yule akisikia, ikifika Ijumaa mtaa mzima unajua. Nani atampa mke?"

Nikajiandaa kumhubiria kwamba maradhi si aibu. Kabla sijaanza, mama mwingine wa Kisomali, aliyekuwa kajifunika uso kwa mtandio, akainuka akaja dirishani.

"Na mimi," akasema kwa Kiswahili, "nipeni huyohuyo."

Wakatazamana.

"Wako ni wa kiume?" mama wa kwanza akauliza.

"Binti."

Mahubiri yangu nikayameza. Walikwenda kukaa pamoja, wakaanza kunong'onezana, tena kwa Kisomali.